Data za vituo vyetu vitatu vya setilaiti zinakatika: naomba ushauri kabla vipokezi havijabadilishwa

Mpimaji_Tudor

Salamu kwenu nyote. Ninafanya kazi katika afisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Mombasa, na ninaleta shida hii kwenu kwa sababu nimehangaika nayo peke yangu kwa wiki tatu na sasa inakaribia kuigharimu afisi fedha nyingi. Tuna vituo vitatu vya marejeo vinavyopokea ishara za setilaiti usiku na mchana: kimoja kiko juu ya paa la afisi Tudor, cha pili kiko Likoni hatua chache kutoka ufuoni, na cha tatu kiko Mariakani. Kila kipokezi huwatumia wapimaji wetu masahihisho ya vipimo vyao kila sekunde kupitia modemu ya simu, na wakati huohuo huandika faili ya siku yenye rekodi moja kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo siku iliyokamilika huwa na rekodi 2,880.

Tangu mwanzoni mwa Septemba mambo yameharibika. Likoni hupata rekodi kama 2,300 kwa siku, na hata katika hizo, masafa ya pili ya GPS, yaani L2, hayapo kwa setilaiti nyingi. Tudor rekodi zinatimia, lakini kila asubuhi setilaiti tatu au nne hupotea kwa pamoja kwa muda wa dakika ishirini hivi kisha zikarudi. Juu ya hayo, vituo vyote vitatu huvurugika karibu kila siku kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, ambapo kipokezi hupoteza hesabu ya mizunguko ya wimbi mara kwa mara.

Nimezima na kuwasha, nimebadilisha laini ya simu ya Likoni na nimesasisha programu ya ndani ya kipokezi cha Tudor, lakini hakuna kilichobadilika. Mkuu wangu ameshaomba bei ya vipokezi vipya vitatu. Moyo wangu unasita, maana vifaa vitatu kuharibika mwezi mmoja ni jambo ninaloona gumu kuliamini.

BintiMvita

Kaka, moyo wako unasita kwa haki. Kabla ya lolote, tenganisha data iliyopotea angani na data iliyopotea njiani. Ingia ndani ya kila kipokezi, uipakue faili iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake, kisha uilinganishe na ile iliyofika kwenye seva. Ikiwa ya kipokezi imekamilika na ya seva ina pengo, kosa liko kwenye modemu au mtandao wa simu, na kipokezi hakina hatia. Zikiwa na pengo lilelile, basi shida iko kwenye kipokezi chenyewe, waya, antena au anga iliyo juu yake.

Hakikisha pia kwamba tarehe ndani ya faili ni sahihi. GPS ya zamani huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho hesabu hiyo ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019, kwa hiyo kipokezi kilichozeeka kinaweza kurudi nyuma karibu miaka ishirini bila kutoa onyo. Sidhani kama ndiyo shida yako, lakini ni jambo la dakika moja kulikagua. Na tafadhali, usisasishe programu ya kipokezi kingine chochote kwa sasa, kwa sababu ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua ni lipi lililoponya.

Mpimaji_Tudor

Ahsante sana, dada. Nimelinganisha faili za siku sita. Mapengo ya kwenye seva na ya kwenye kumbukumbu ni yaleyale, isipokuwa dakika chache za Mariakani ambazo ni modemu tu. Tarehe ni sahihi kote.

Baharia_Likoni

Mimi ningetazama bandari. Likoni inatazamana na Kilindini, na pale kuna rada za meli zinazofanya kazi usiku na mchana. Isitoshe, barabara ya malori inapita Mariakani, na kuna vidude vya kuzima ishara ambavyo baadhi ya madereva huvitumia ili gari lisifuatiliwe.

Mzee_Kilindini

Ndugu yangu Baharia, rada za meli hufanya kazi karibu na megahezi 3,000 na 9,400, ilhali GPS iko kwenye 1,575.42 kwa L1, yaani masafa yake ya kwanza, na 1,227.60 kwa L2, kwa hiyo siipi rada nafasi kubwa. Vile vidude ni tatizo la kweli, lakini lori likipita nacho, setilaiti zote zinaanguka kwa wakati mmoja kwa dakika moja au mbili, kisha zinarudi zote. Hakichagui setilaiti nne kikaacha nyingine, wala hakifiki Mariakani, Tudor na Likoni kwa dakika ileile.

Mwanangu Mpimaji, nakuomba ufanye kazi moja ya karani. Chukua siku kumi mfululizo, na kwa kila kituo uandike saa na dakika ambayo mkatiko ulianza. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili kwa muda wa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa hiyo kila setilaiti hurudi mahali palepale angani karibu dakika nne mapema kuliko jana. Mkatiko unaorudi nyuma dakika nne kila siku unatokana na kitu kilichosimama karibu na antena: ukuta, tangi, mti au bamba la chuma linalozuia ishara au kuirudisha kama mwangwi. Mkatiko unaotokea saa ileile ya ukutani kila siku unatokana na shughuli za watu, kama jenereta au mashine inayowashwa kwa ratiba. Na usiofuata kanuni yoyote kati ya hizo mbili, ila hali ya hewa au jua kuzama, nao una asili yake.

Fanya hesabu hiyo kwa GPS peke yake. Ukichanganya mifumo mingine ya setilaiti, yaani GLONASS, ambayo hurudia njia yake baada ya siku 8, na Galileo, ambayo huchukua siku 10, utaona vurugu na utadhani kanuni haifanyi kazi.

Fundi_wa_Nyaya

Mimi nataka kuzungumzia Likoni peke yake. Tafadhali tueleze: nguvu ya ishara imeshuka upande mmoja wa anga au pande zote? Na je, asubuhi na mchana ni sawa?

Mpimaji_Tudor

Shikamoo Mzee, hesabu nimeianza na nitaileta ikikamilika.

Fundi, imeshuka pande zote. Setilaiti iliyo utosini ilikuwa ikitoa desibeli 48 au 49 mwezi wa Julai, na sasa inatoa 40 au 41. Alfajiri ndiyo mbaya zaidi. Adhuhuri hupanda kidogo, na siku za jua kali sana L2 hurudi kwa saa mbili tatu.

Fundi_wa_Nyaya

Basi nina hakika karibu kabisa kwamba maji yameingia kwenye waya wako. Kitu kinachozuia anga huharibu upande mmoja, lakini konekta iliyooza hudhoofisha kila setilaiti kwa kiasi sawa, na jua likiikausha kidogo ishara hupanda, kisha umande wa usiku ukiirudia hushuka tena. L2 hutangulia kupotea kwa sababu vipokezi vingi vya zamani huisoma ishara ya L2 iliyofungwa kwa siri bila kuwa na ufunguo wake, na kwa kazi hiyo vinahitaji ishara yenye nguvu. Desibeli nane zikipotea, L1 huvumilia lakini L2 hufa.

Kumbuka pia kwamba antena hula umeme kupitia waya uleule unaoleta ishara. Fungua waya upande wa antena huku kipokezi kikiwa kimewashwa, uweke mita, na usome volti. Ikiwa kipokezi kinatoa volti 5 na juu unapata 3 na ushee, umeshampata mhalifu. Unapopima, angalia ncha ya mita isiguse kiini na ganda kwa pamoja, usije ukaunguza tundu la kipokezi.

Mimi nimefanya kazi hizi pwani kwa miaka mingi, na msimu wa kusi ndio unaotumaliza. Upepo huo huinua chumvi kutoka baharini na kuipaka kila chuma kilicho wazi, na utepe wa plastiki wa kawaida unaouzwa madukani hupasuka kwa jua kabla msimu haujaisha.

BintiMvita

Nami nimerudi kuhusu ile vurugu ya jioni, kwa sababu kuna jambo limenisumbua. Ukisema inaanza saa kumi na moja jioni, wapimaji wako wangali nyanjani wakati huo, na bila shaka wangekupigia simu. Je, wamewahi kulalamika? Na ile saa umeisoma wapi, ukutani au ndani ya faili?

Mpimaji_Tudor

Dada, nimeisoma ndani ya faili, 17:00 hadi 20:00. Na ni kweli, hakuna mpimaji aliyelalamika. Aliyelalamika ni mteja mmoja tu anayepima kina cha maji kwa mashua.

BintiMvita

Hapo ndipo penye fundo. Faili hizo hutumia saa ya GPS, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, ukiondoa sekunde 18 ambazo hazina uzito hapa. Kwa hiyo 17:00 ya faili ni saa mbili usiku kwetu, na 20:00 ni saa tano usiku. Jua la Mombasa huwa limezama karibu saa mbili nzima kabla ya shida kuanza. Nina imani mteja wako wa mashua hufanya kazi usiku kwa kufuata maji kujaa, na ndiyo maana ameumia yeye peke yake.

Sisi tuko katika ukanda wa tropiki, ambako ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chaji, hutibuka baada ya jua kuzama na kuzaa mapovu ya hewa nyepesi yenye chaji. Ishara ikipita ndani yake humetameta kama nyota, na kipokezi kinashindwa kuishika. Hali hiyo huzidi karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, na huzidi zaidi katika miaka ya jua kuchachamaa. Kilele cha mzunguko wa 25 wa jua kilifika mwaka 2024. Linganisha na faili za kituo cha Malindi kilicho katika mtandao wa kimataifa wa vituo vya setilaiti uitwao IGS, ambazo hutolewa bure. Ukikuta Malindi nayo imevurugika usiku uleule, hakuna kipokezi duniani utakachonunua kitakachokuondolea tatizo hilo.

Mpimaji_Tudor

Wapendwa, nimekawia kwa sababu nilitaka kuleta majibu yaliyokamilika.

Likoni: nilipanda na mita siku ya Jumanne. Kipokezi kinatoa volti 5, juu nilipata 3.2. Nilipobandua ule utepe mweusi, maji yalidondoka mkononi mwangu, matone manne au matano, nami nikayaonja ulimini: yalikuwa ya chumvi. Kile kipini cha katikati kilichotakiwa kung'aa kama dhahabu kilikuwa kimevaa unga wa kijani, na nyuzi za ganda la waya zilikuwa nyeusi kwa urefu wa kiganja kizima. Tulikata waya hadi tulipofikia shaba safi, tukafunga konekta mpya, tukaizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na tukauacha waya ufanye kitanzi kinachoning'inia chini ya konekta ili maji yadondoke kabla ya kuifikia. Jana faili ilikuwa na rekodi 2,880, na setilaiti ya utosini ilitoa desibeli 49.

Tudor: tarehe 8 mkatiko ulianza saa 07:52 ya faili, na tarehe 18 ulianza saa 07:13. Mzee, ni dakika 39 kwa siku kumi, sawa kabisa na kanuni yako. Nilipanda paani nikatazama upande zilikopotea zile setilaiti, nikakuta jirani ameinua matangi mawili makubwa ya maji juu ya nguzo za zege. Yaliwekwa mwishoni mwa Agosti.

Usiku: saa hazirudi nyuma kwa dakika nne, na Malindi ilivurugika usiku wa siku zilezile nne nilizozikagua. Mteja wa mashua nimemshauri apange kazi yake ya usiku iishe kabla ya saa mbili au ianze baada ya saa sita, na ahifadhi data ghafi ili tuzichakate baadaye.

Mkuu ameahirisha ununuzi. Jumamosi tunataka kuinua antena ya Tudor mita moja na nusu ili iyavuke matangi. Kuna jambo la kuangalia?

Mzee_Kilindini

Marahaba mwanangu, kazi nzuri sana. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, pima kimo kutoka kwenye alama ya chini hadi kitako cha antena, kwa milimita, mara tatu, watu wawili tofauti, na ukiandike daftarini pamoja na picha. Ukishainua, pima tena kwa namna ileile, kisha ubadilishe kimo hicho kwenye kichwa cha faili siku hiyohiyo. Viwianishi vya kituo, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, vikokotoe upya kwa data ya siku kadhaa zilizokamilika, si kwa saa mbili za alasiri.

Halafu usisahau ujumbe wa masahihisho wenyewe. Ujumbe nambari 1005 au 1006 ndio unaowaambia wapimaji kituo kiko wapi, na usipoubadilisha, kila mpaka wa shamba utakaopimwa kupitia Tudor utabeba kosa la mita moja na nusu kwa kimo bila mtu yeyote kuliona kwenye skrini. Kwa hiyo Ijumaa jioni watangazie wapimaji wote kwamba Tudor imefungwa, nawe usiifungue hadi mmoja wao aende kwenye alama mnayoijua, aipime, na akutumie namba zinazolingana na za zamani.