Watempla: wazushi kweli, au Mfalme Philip alizitaka fedha zao?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, tujadili. Alfajiri ya Ijumaa 13 Oktoba 1307, Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa aliwakamata Watempla, wale watawa wenye panga, nchi nzima kwa mpigo. Mashtaka: wanamkana Kristo, wanautemea mate msalaba, wanaabudu kichwa cha sanamu. Paris walihojiwa 138, wakakiri 134. Kwa mateso yale hata mimi ningekiri. Na mwaka mmoja kabla, huyo huyo Philip aliwafukuza Wayahudi akabaki na mali zao. Papa Klementi wa Tano, kibaraka wake, akagonga mhuri tu.

Mwanakwaya: Kibaraka nani? Chunga ulimi. Agosti 1308 makardinali watatu wa Papa walikwenda ngome ya Chinon huko Ufaransa, wakamhoji Jacques de Molay, mkuu wao, wakamwondolea adhabu ya Kanisa. Hati ipo Vatikani, ilionekana tena 2001. Hujui, uliza.

Dk. Mtaa: Papa akamsamehe 1308, akalivunja shirika 1312 kwenye Mtaguso wa Vienne, mkutano mkuu wa maaskofu, na 1314 mzee wa watu akachomwa moto kwenye kisiwa cha mto Seine. Msamaha huo mpe adui yako.

Kidagaa: Mwezi uliofuata Papa akafa. Novemba mfalme naye huyoo. Bibi yangu angewaambia hapo hakuna bahati mbaya 😂

Mwanakwaya: Haya, mmeingiza na uchawi.

Kidagaa: Halafu hawakwisha bwana. Ule msalaba mwekundu kwenye matanga ya Vasco da Gama si ndio wao?

Dk. Mtaa: Siyo. Mwaka 1319 Mfalme Dinis wa Ureno alipata kibali cha Papa kuanzisha Shirika la Kristo, likarithi mali za Watempla wa huko. Da Gama mwenyewe alikuwa Shirika la Santiago, jingine la namna hiyo hiyo, akahamia la Kristo 1507.

Kidagaa: Ngome ya Tomar ile ile, mashamba yale yale, msalaba umenyooshwa kidogo. Kwetu mtu akibadili jina la duka ili akwepe kodi tunamjua.

Mwana wa Kibokoni: Nyinyi mwabishana matanga. Sisi Mombasa twajua waliokuwa chini ya matanga hayo. 1505 Almeida, amiri wa Kireno, kautia moto mji mzima baada ya kuupora, Kilwa kaanza nayo. Kisha wakajenga ngome, wakaipa jina la Yesu!

Mwanakwaya: Sasa Mombasa imeingiaje kwenye kesi ya 1307?

Mwana wa Kibokoni: Imeingia kwa jahazi.

Binti Sayari: Kaka zangu, punguzeni jazba. Usama bin Munqidh, amiri Mwislamu wa Sham, ameandika mwenyewe kuwa Watempla walikuwa rafiki zake. Makao yao yalikuwa msikiti wa Al-Aqsa, Yerusalemu, uliokuwa mikononi mwa Wakristo wa Ulaya, na akifika walimwachia kijumba pembeni aswali. Siku moja Mfaranki (Mkristo wa Ulaya) mgeni akamshika, akamgeuza uso mashariki: "Swali hivi!" Watempla wakamtoa. Akarudi tena, wakamtoa tena, wakamwomba Usama radhi kwamba huyo ndiyo kwanza kafika.

Mwana wa Kibokoni: Dada, wameuteka msikiti, kisha twawashukuru kwa kutupa kona ya kuswalia?

Mwanakwaya: Na sultani Salahuddin je? Baada ya kuwashinda Wakristo vitani Hattin, 1187, aliwanunua mateka wa Watempla na Wahospitali, shirika jingine la watawa wenye panga, dinari 50 kila mmoja, akaamuru wakatwe vichwa. Hilo hulisemi.

Mwana wa Kibokoni: Walikuwa askari wa kiapo, si wachuuzi wa maandazi. Miezi mitatu baadaye aliuchukua Yerusalemu, aliua raia? Alitoza fidia: mwanamume dinari 10, mwanamke 5. Wenzenu wa Msalaba walipouteka 1099 waliacha nani hai?

Dk. Mtaa: Na maskini wasio na hizo 10? Maelfu walikwenda utumwani, huku mashirika hayo mawili matajiri yakitoa kwa mkono wa birika. Waandishi Wakristo wenyewe waliwalaumu.

Mwanakwaya: Watu 7,000 walikombolewa kwa dinari 30,000, daktari.

Dk. Mtaa: Kwa fedha ya mfalme wa Uingereza iliyowekwa kwa Wahospitali! Hiyo nayo unawahesabia sadaka?