Wametuuzia "Siku ya Akina Tudor", wakatutembeza kwenye majengo ya miaka 150 baadaye

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kuna kampuni ya utalii hapa London (jina nalihifadhi, bado nawadai) inauza safari ya basi ya siku moja kwenye makasri ya ukoo wa Tudor, wale waliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603. Nikamlipia mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia, aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro. Tulichopata ni wizi wa mchana kweupe.

Tuanze na Hampton Court. Aliyewahi kufika anajua lile kasri lina pande mbili. Upande wa zamani aliuanzisha Kadinali Wolsey, kisha Mfalme Henry VIII akauchukua na kuupanua. Mwaka 1689 William III na Mary II wakamwita msanifu majengo Christopher Wren, akabomoa sehemu kubwa na kujenga upya. Sasa mwongoza watalii wetu alitupeleka wapi? Upande wa Wren! Anatuonyesha madirisha ya Fountain Court, ua alioujenga Wren, na kusema Henry aliishi hapo na wake zake. Henry alifariki 1547. Wren alizaliwa 1632. Watu wanapiga picha na kuwatumia ndugu zao nyumbani, wakiamini walichoambiwa.

Jikoni hatukukanyaga kabisa, na hapo ndipo mjomba alipotaka kuona kuliko pengine popote. Majiko yale yalijengwa kulisha mamia ya watu, mara mbili kwa siku. Ukisimama pale unaelewa ufalme ule uliendeshwa na nani: wapasua kuni, wageuza nyama motoni, wabeba maji. Tukaambiwa muda umekwisha, rudini kwenye basi. Lakini muda wa duka la zawadi ulikuwepo, tena wa kutosha.

Greenwich ndiyo balaa zaidi. Kweli Henry VIII alizaliwa 1491 katika kasri lililokuwa hapo, na binti yake Elizabeth 1533. Ila kasri hilo lilibomolewa karne ya 17, na majengo ya nguzo nyeupe tunayoyaona leo yalianza kujengwa 1696 kama makazi ya mabaharia wazee na wagonjwa. Mwaka 2017 wataalamu walikuta mabaki ya vyumba vya kasri la Tudor chini ya Painted Hall, ukumbi uliomo kwenye majengo hayo. Habari tamu kama hiyo, yule bwana hakuigusa. Kazi yake ilikuwa umbea wa wake sita, nani kakatwa kichwa, nani kaachwa. Na hata huo umbea haukukamilika, maana Tower of London, alikokatwa kichwa Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII, tarehe 19 Mei 1536, tuliiona kupitia dirisha la basi. Foleni, wanasema.

Kilichonichoma hasa ni hiki. Mjomba alimuuliza kwa adabu kama kulikuwa na Waafrika katika ikulu za wafalme hao. Akajibiwa, mbele ya basi zima, kwamba hakukuwa na hata mmoja. Wakuu, huo ni uongo! John Blanke, mtu mweusi, alikuwa mpiga tarumbeta wa Henry VII na kisha Henry VIII. Malipo yake ya mwaka 1507, peni 8 kwa siku, yameandikwa kwenye hesabu za ikulu. Alimwandikia Henry VIII kuomba aongezewe hadi peni 16, na akakubaliwa. Picha yake imo mara mbili kwenye mchoro mrefu wa mashindano ya Westminster ya 1511, juu ya farasi, kilemba kichwani. Mzee aliyefundisha historia maisha yake yote anajibiwa kama mtoto na mtu asiyejua kazi yake!

Nimewaandikia nikidai pesa. Jibu lao: ratiba inaweza kubadilika. Mimi silalamikii ratiba, nalalamikia kuuziwa kitu ambacho sikupewa, na kudanganywa juu yake.

Wadau mlioko Uingereza, kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa kesi ya namna hii? Ulianzia wapi? Na mwenye kumjua mwongozaji anayeijua Hampton Court sawasawa aniambie, mjomba bado yupo hadi mwisho wa mwezi.