Walitupima mapafu Mererani wakaondoka na majibu. Tunayataka majibu yetu!

Wakuu, salaam. Nimevumilia sana, leo nimeshindwa. Nazungumzia wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, wilaya ya Simanjiro, na utafiti wa serikali kuhusu vumbi la migodini. Tuliombwa kushiriki, tukashiriki, na mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyeshika karatasi ya majibu.

Mimi nilikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa kushuka shimoni, Kitalu B, moja ya maeneo ya machimbo hayo. Timu ilikuja na barua, ikakaa kwanza na wamiliki wa migodi, kisha tukaitwa sisi. Tukaambiwa tutapimwa vumbi tunalovuta pamoja na kifua, bila malipo, na kila mtu atapewa majibu yake mkononi. Tukasaini. Wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Kaka yangu ni mtu wa drili, kwa hiyo alikuwa kati ya waliochaguliwa kuvaa kifaa. Wakamfunga pampu ndogo kiunoni, inavuma kwa mbali. Mrija ukapita mgongoni mpaka kwenye kola, na mwisho wa mrija kikasha cha plastiki chenye karatasi ya kuchujia, kimebanwa karibu na pua ili kishike kilekile anachovuta. Aliposhuka, ile karatasi ilikuwa nyeupe. Alipopanda baada ya zamu ilikuwa nyeusi tii. Tulisogea wote kuitazama. Mererani mwamba una kinywe, yale madini meusi laini, ndiyo maana tukitoka shimoni huonekani kitu ila macho na meno, lakini kuona weusi ule kwenye kitu kilichokaa sentimita chache kutoka puani kwa ndugu yako ni habari nyingine. Dada mmoja wa timu akabandika lebo, akafungia kwenye boksi. Eksirei tukapigwa kwenye gari lao, tukapewa kadi zenye namba, wakatuaga.

Tangu hapo ni danadana. Ukiuliza wilayani, majibu yako makao makuu. Ukipiga simu makao makuu, ripoti bado ni ya ndani. Jibu lililonichoma kuliko yote nilipewa na ofisa mmoja kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ule ulikuwa utafiti wa jumla, hauhusiani na majibu ya mtu mmoja mmoja. Basi kwa nini mlitupa kadi za namba? Kwa nini fomu ilisema tutapewa?

Sasa msikie kwa nini siwezi kunyamaza. Kaka anakohoa, anapungua, na akipanda mlima mdogo inabidi akae chini kwanza. Ameshamezeshwa dozi ya TB, na makohozi yake yalikuwa yanapimwa na kutoka hayana kitu. Juzi daktari aliyemwangalia kwa makini alimwuliza swali moja tu la maana: una picha ya zamani ya kifua tulinganishe? Picha ipo! Ilipigwa na serikali yake mwenyewe, ina namba, ina tarehe, imefungiwa kwenye boksi ofisini kwa mtu anayekula mshahara wa kodi zetu. Mgonjwa yuko hapa na picha yake iko huko.

Kwa wasiojua, vumbi la mwamba wenye silika, madini yaliyomo kwenye mawe mengi na mchanga, halifanani na vumbi la barabarani. Zile chembe zinazodhuru zaidi hazionekani hata kwa macho. Zinapita pua, zinapita koo, zinatua ndani kabisa ya mapafu kwenye vifuko vya hewa. Chembe hai za mwili zinazojaribu kuzimeza zinakufa zenyewe, na pafu linabaki linafanya kovu juu ya kovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha shimo. Tena unamfungulia mlango TB, kwa hiyo mchimbaji anaweza kuwa na vyote viwili, akatibiwa kimoja na kingine kikaendelea kummaliza kimyakimya. Anayepewa majibu mapema anaweza kutoka kwenye drili kabla pafu halijaisha. Anayenyimwa anarudi shimoni kesho yake asubuhi, kama alivyorudi kaka.

Na msituambie kwamba hatari hii bado inachunguzwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu hapahapa Tanzania. Wastani wa silika kwa waliokuwa wakitoboa mwamba chini ya ardhi ulikuwa miligramu 16.85 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya na usalama kazini, inashauri kisizidiwe ni 0.05. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya mara mia tatu. Hiyo ni dhahabu, na kwetu tunatoboa mwamba mkavu kwenye mashimo marefu ambayo hewa inaletwa kwa mpira wa kompresa. Walipotufunga zile pampu walikuwa wanajua watakuta nini.

Kinachoniuma ni kwamba serikali hii ikitaka jambo Mererani, linafanyika. Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza ujengwe ukuta kuzunguka machimbo ili tanzanite isitoroshwe. Jeshi likaingia kazini, na Aprili 2018 ukuta wa kilomita 24.5 ukazinduliwa. Niliukubali ukuta ule na mpaka leo naukubali, mali ya nchi ilikuwa inaibwa. Lakini tangu siku hiyo unakaguliwa getini ukitoka, na jiwe likionekana linapimwa, linathaminishwa, linaandikwa. Mwaka 2020 mchimbaji mwenzetu mzee Laizer alipopata mawe yake mawili ya tanzanite, nchi nzima ilijua kwamba moja lina kilo 9.27 na serikali imeyanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Rekodi ya jiwe ilipatikana mpaka gramu. Rekodi ya pafu la aliyeshika drili haipatikani.

Kuna watakaokuja kusema nenda ukadai fidia. Wakuu, nimeshaitembea njia hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003 na inadai wafanyakazi wapimwe afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, mwajiri anachangia, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Tatizo ni neno mwajiri. Mwanaapolo hana mkataba wala mshahara. Anapewa chakula na dawa ndogondogo na mwenye mgodi, anasubiri uzalishaji, na jiwe likitoka ndipo anapata mgawo wake. Lisipotoka, mwaka umepita hivyo. Mtu wa namna hiyo atathibitishaje kwamba alifanya kazi na vumbi lilimwingia? Ushahidi pekee wa maana ni kile kipimo cha pampu na ile picha ya kifua. Ndiyo maana naona kukaa na majibu yetu ni sawa na kutunyima haki, siyo uzembe wa kiofisi tu.

Tazameni wenzetu. Marekani wachimbaji wa makaa ya mawe wana programu ya NIOSH ya kupigwa eksirei bure, na barua ya majibu inamrudia mchimbaji mwenyewe, siyo bosi wake. Akionekana ana dalili, ana haki ya kuhamishiwa sehemu yenye vumbi dogo bila kupunguziwa malipo. Aprili 2025 serikali ilipowapunguza watumishi wa NIOSH na ile programu ikakwama, mchimbaji mmoja wa West Virginia alikwenda mahakamani, na Mei mwaka huohuo jaji akaamuru irudishwe. Mchimbaji aliidai serikali vipimo na akashinda! Afrika Kusini nako, 2018 makampuni ya dhahabu yalikubali kulipa fidia ya mabilioni ya randi kwa wagonjwa wa silikosisi na TB, na mahakama ikaidhinisha 2019. Madai kama yale yanasimama juu ya rekodi, juu ya picha na vipimo ambavyo mtu anaweza kuvishika na kumwonyesha hakimu.

Na wale wa "wachimbaji wenyewe hawavai barakoa", naomba mshuke shimoni kwanza. Kuna joto, unatoka jasho, kile kitambaa kinalowa na kuziba, na bado hakizuii chembe ninazozisema. Dawa yake inajulikana: drili ya kutumia maji, hewa ya kutosha, kusubiri vumbi litue baada ya kupiga baruti, barakoa maalumu. Simanjiro maji ni shida hata ya kunywa, kwa hiyo mchimbaji mdogo hawezi kuyafikisha chini peke yake. Hapo ndipo utafiti wa serikali ulipaswa kusaidia: uonyeshe kiwango cha vumbi mgodi kwa mgodi, mwenye leseni abanwe kwa namba, maji yatafutiwe bajeti. Sijawagusa hata kina mama wanaochekecha udongo nje ya mashimo kutwa nzima na watoto mgongoni. Hao hakuna aliyewafunga pampu.

Madai yetu ni haya. Kila mwenye kadi ya namba apewe picha yake na maelezo ya daktari, kwa siri, kwa Kiswahili. Aliyekutwa na tatizo atafutwe hata kama amesharudi kwao Singida au Kondoa, kwa sababu wengi wakizidiwa hurudi nyumbani kufia huko. Vipimo vya vumbi vitangazwe bila majina ya watu.

Kama uko humu na ulikuwa kwenye ile timu, hasa nyinyi vijana mliokuwa mnabandika lebo, njoo PM uniambie yale maboksi yalipelekwa wapi. Sitakutaja. Na kama ulipimwa nasi na bado una kadi, usiitupe, ipige picha mbele na nyuma kisha nitafute. Tunakusanya namba zote, Jumatatu ijayo tunazipeleka ofisini kwao kwa barua moja, na tunataka muhuri wa kupokelewa.