Kama bondi za hidrojeni ni dhaifu, ni nini kinachozishika nyuzi za DNA?

mdadisi_wa_seli

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninasoma baiolojia ya seli, na kuna jambo linalonitatiza ambalo vitabu nilivyonavyo hulipita haraka. Tunafundishwa kwamba bondi kovalenti, ambayo atomu hushirikiana elektroni, ni imara, na bondi ya hidrojeni, yaani mvutano kati ya hidrojeni yenye chaji chanya kidogo na atomu kama oksijeni au naitrojeni, ni dhaifu. Kisha, kurasa chache mbele, tunaambiwa kwamba nyuzi mbili za DNA, ambazo ndizo hifadhi ya taarifa za urithi, zimeshikamanishwa na bondi hizo hizo dhaifu, mbili kati ya adenini na thimini na tatu kati ya guanini na sitosini (hizo nne ndizo besi, yaani herufi za kemikali za DNA). Kwa nini kiumbe hai kiweke amana yake kubwa kuliko zote mahali palipo dhaifu, ilhali kaboni, naitrojeni na oksijeni zilizomo humo zingeweza kuungwa kwa bondi kovalenti?

Swali la pili ni ndugu wa hilo. Vitabu husema kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ina bondi zenye nishati nyingi na kwamba zikivunjwa nishati hutoka, lakini katika kemia tulifundishwa kwamba kuvunja bondi yoyote hula nishati. Kauli hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Naomba anayeelewa anifafanulie kwa takwimu, wala si kwa mfano wa DNA kufunguka kama zipu, maana huo nimeshausikia vya kutosha.

mkemia_hai

Ndugu mleta mada, nitalijibu swali la kwanza. Kuvunja bondi kovalenti kati ya atomu mbili za kaboni hugharimu takriban kilojuli 350 kwa moli, ilhali bondi ya hidrojeni kati ya molekuli mbili za maji hugharimu takriban kilojuli 20. Namba inayosahauliwa ni ya tatu: katika nyuzijoto 37, nishati ya mtikisiko wa joto, yaani ule msukosuko usiokoma wa molekuli, ni takriban kilojuli 2.6 kwa moli. Ukiziweka zote tatu pamoja utaona kwamba joto la mwili peke yake haliwezi kuikata bondi kovalenti, lakini bondi ya hidrojeni limeikaribia kiasi cha kuikata na kuiacha ijiunge upya mara kwa mara. Katika maji, bondi moja ya hidrojeni hudumu kwa muda unaopimwa kwa sehemu za trilioni za sekunde.

DNA, hata hivyo, haishikwi na bondi moja. Chukua kipande kifupi cha jozi 20 za besi. Jozi ya katikati ikifunguka, majirani zake wa pande zote mbili huzuia besi zisiende mbali, na mara nyingi hujifunga tena kabla jozi nyingine haijafunguka. Ni zile za kwenye ncha tu ndizo hufunguka na kufungika bila kizuizi kikubwa. Ili nyuzi ziachane kabisa, sharti jozi zote ziwe wazi kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika joto la kawaida la mwili karibu halitokei kwa molekuli ndefu.

Wanaofanya PCR, mbinu ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA, huliona hili kila siku. Wanapopasha mchanganyiko hadi nyuzijoto 94 au 95, nyuzi huachana. Lakini mhimili wa sukari na fosfeti wa kila uzi, ulioungwa kwa bondi kovalenti, hubaki mzima, na halijoto ikishushwa kila uzi hutafuta uzi unaolingana nao.

Sasa fikiria nyuzi hizo zingekuwa zimeungwa kovalenti kama unavyopendekeza. Hatuna haja ya kubuni, kwa kuwa hali hiyo ipo: dawa ya saratani iitwayo mitomisini C huunga nyuzi mbili za DNA kwa bondi kovalenti, na seli isipofaulu kuutengua muungano huo haiwezi kuzitenganisha nyuzi ili kunakili DNA yake, na mara nyingi hufa. Kwa hiyo uimara unaoutafuta wewe ndio hasa unaotumiwa kama sumu.

rafu_ya_besi

Nakubaliana na mkemia_hai kwa sehemu kubwa, ila nisingependa mleta mada aondoke akiamini kwamba bondi za hidrojeni ndizo gundi kuu. Besi zilizotenganishwa hazibaki mikono mitupu. Mara zinapoachana, maji yaliyozizunguka hufanya nazo bondi za hidrojeni karibu sawa na zile zilizopotea, hivyo faida halisi ya kujiunga na besi mwenzake ndani ya maji ni ndogo kuliko tunavyodhani tukihesabu bondi mbili au tatu kwenye mchoro.

Sehemu kubwa ya uthabiti hutokana na besi kulaliana. Besi ni bapa, na nyuso zake hazipatani sana na maji. Zikipangwa moja juu ya nyingine kwa umbali wa takriban nanomita 0.34, huyafukuza maji katikati yao na kuvutana kwa nguvu za van der Waals, yaani mivutano midogo kati ya molekuli zilizo karibu sana. Jozi za guanini na sitosini huyeyuka (yaani huachana) kwa halijoto ya juu zaidi kuliko za adenini na thimini, na kwa kawaida tunaambiwa ni kwa sababu ya bondi ile ya tatu, lakini kulaliana kwao pia ni imara zaidi. Kwa kumbukumbu tu, Watson na Crick, waliopendekeza umbo la DNA, mwaka 1953 walichora bondi mbili kwa jozi hiyo. Ile ya tatu ilithibitishwa na Pauling na Corey mwaka 1956.

Kazi kubwa ya bondi za hidrojeni, kwa maoni yangu, ni kuchagua zaidi ya kushika: besi isiyolingana inapotaka kukaa katikati ya uzi, huacha naitrojeni au oksijeni bila mwenzi, na gharama hiyo huifanya isikubalike. Hata hapo umbo lina usemi wake. Mkemia Eric Kool na wenzake walitengeneza besi bandia yenye umbo la thimini lakini karibu isiyo na uwezo wa kufanya bondi za hidrojeni, na kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) kinachonakili DNA kiliendelea kuiwekea adenini mbele yake.

mdadisi_wa_seli

Nashukuru sana, wakuu. Hoja ya maji ndiyo sikuwahi kuifikiria: nilikuwa nikihesabu bondi zinazovunjika bila kuhesabu zinazoundwa. Nadhani huenda jibu la ATP limejificha humo humo?

mkemia_hai

Limejificha humo hasa. Kuivunja bondi kati ya fosforasi na oksijeni katika ATP hula nishati, kama ulivyofundishwa katika kemia, na hakuna bondi inayokiuka kanuni hiyo. Lakini ATP haipasuki ikaachwa hivyo hivyo. Huvunjwa kwa kuingizwa molekuli ya maji, kwa hiyo kuna bondi nyingine zinazoundwa, na mizania ya jumla ndiyo inayoonyesha hasara au faida. Katika hali sanifu ya kibaiolojia mizania hiyo hutoa kilojuli 30.5 kwa moli. Ndani ya seli hufikia takriban 50, kwa kuwa seli huweka ATP kwa wingi mno ukilinganisha na mazao yake, ADP na fosfeti.

Faida inatoka wapi? Vikundi vitatu vya fosfeti vilivyopangana vina chaji hasi zinazosukumana, na kuachana kunaupunguza msukumo huo. Fosfeti iliyo huru husambaza elektroni zake kwa uhuru zaidi. Na maji huizingira vizuri zaidi. Kauli ya bondi zenye nishati nyingi ni mkato wa maneno ambao binafsi ningeuondoa vitabuni. Jambo lingine linalostahili kutajwa ni kwamba, pamoja na faida yote hiyo, ATP ikiachwa ndani ya maji bila kimeng'enya huvunjika polepole, na ndiyo maana seli inaweza kuchagua wapi na lini itumike. Helikasi, vimeng'enya vinavyofungua nyuzi za DNA, huitumia ATP kwa kazi hiyo hiyo uliyouliza mwanzoni: katika bakteria E. coli unakili husonga mbele kwa jozi zinazokaribia 1,000 kila sekunde, kasi ambayo mtikisiko wa joto peke yake usingeifikia.

chumvi_na_histoni

Niongeze jambo moja kuhusu bondi ioni, yaani mvutano kati ya chaji chanya na chaji hasi, maana hazijaguswa. Orodha za vitabu huziweka miongoni mwa bondi imara, na ni kweli katika fuwele kavu ya chumvi. Lakini maji hupunguza mvutano kati ya chaji mbili kwa takriban mara 80, ndiyo maana chumvi huyeyuka. Hivyo nguvu ya bondi haitajiki bila kutaja mahali ilipo. Ndani ya protini iliyojikunja, ambako maji hayafiki, chaji chanya na chaji hasi huweza kushikana kwa nguvu kuliko zikiwa nje majini.

Mfano ulio karibu na DNA ni histoni, protini ambazo DNA huzungushwa juu yake. Jozi 147 za besi huzungushwa kwenye kitita cha protini nane za histoni, na kinachozishika, pamoja na bondi za hidrojeni, ni chaji chanya za lisini na ajinini, asidi amino zilizomo katika histoni, zinazovutana na chaji hasi za fosfeti. Seli inapotaka kulegeza sehemu fulani ili jeni isomwe, vimeng'enya hubandika kikundi cha asetili kwenye lisini na kuifuta chaji yake. Maabara hutumia njia ya kikatili zaidi: huongeza chumvi hadi moli 2 kwa lita, ayoni za chumvi huzingira chaji za pande zote mbili, na histoni huachia DNA bila bondi kovalenti hata moja kukatwa. Chumvi ikipunguzwa polepole, DNA na histoni hujipanga upya vilevile bila msaada wa kimeng'enya chochote.