Punda watatu, wageni wanne: Empakaai hadi Natron, naombeni ushauri

MtotoWaKaratu: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina wageni wanne, Wajerumani, wanataka kutembea kwa miguu kutoka kreta ya Empakaai, kule Ngorongoro, hadi ziwa Natron, mahema yabebwe na punda. Punda nimepata kwa Mmasai wa Nainokanoka. Swali moja tu: punda abebe kilo ngapi? Usingizi sipati.

BabuShogi: Kilo 40, usizidishe. Shogi, ile mifuko ya mizigo ya ubavuni, zilingane pande zote, na chini weka gunia. Punda wa marehemu baba alikatwa mgongo na kamba ya katani, inzi wakawa wanatua kwenye kidonda hata akiwa anatembea. Nilikuwa darasa la tatu.

DadaNjiapanda: Kilo baadaye. Ngorongoro ni hifadhi tangu 1959, hutembei mle bila askari mwenye bunduki. Umelipia kiingilio na kambi?

MtotoWaKaratu: Dada, punda wa Wamasai wanapita kila siku, nani anawadai kibali?

DadaNjiapanda: Wale wanaishi mle. Leseni ya utalii unayo?

MtotoWaKaratu: Naomba tubaki kwenye punda.

DadaNjiapanda: Unayo au huna?

MtotoWaKaratu: Sina. Ila advansi nimeshaipokea na mahema nimeshanunua, sasa nirudishe nini? Getini nitasema ni marafiki zangu.

KahawaChungu: Marafiki wanaokutumia advansi 😂 Nitafutie na mimi wawili.

BabuShogi: Na muwaheshimu punda. Walikuwa wanaisha kwa biashara ya ngozi mpaka Umoja wa Afrika ukapiga marufuku, 2024.

Kijiti: Usiku wanalala wapi? Fisi wa kule hawana aibu.

MtotoWaKaratu: Chini kabisa, kando ya ziwa Empakaai. Nimeshalala pale mara mbili. Punda wanakunywa wenyewe, maji matamu.

Kijiti: Hii chai, tena haina sukari. Lile ziwa ni la magadi, ndiyo maana flamingo wamejaa. Na kambi iko juu ukingoni. Mods, ungeni huu uzi na vichekesho.

KahawaChungu: Wajerumani nao wapo kweli?

MtotoWaKaratu: Wageni wapo, wanatua Jumamosi KIA. Ziwani sijawahi kushuka, nilisimuliwa na kijana wa punda.

DadaNjiapanda: Basi wape kampuni yenye leseni leo hii, uombe kamisheni yako. Huyo kijana anasemaje?

MtotoWaKaratu: Simu yake haipatikani tangu juzi. Nilimtangulizia nusu.

BabuShogi: Akipatikana, kilo 40.