Naomba ushauri: ndege ya rimoti inanisumbua kwenye kuruka kiubavu

Wakuu habari zenu, nipo Mwanza, narusha ndege ya rimoti ya foamu, mabawa yana mita 1.2 na betri ya seli tatu. Lupu (kuzungusha duara la wima hewani) na roli (kubingirika ikisonga mbele) nishazizoea, shida ipo kwenye naifu eji, ile ndege inalala ubavu, bawa moja linaangalia chini alafu inasonga mbele hivohivo. Najua pua inashikiliwa na usukani wa mkia, ila kila nikiukandamiza ndege inavuta kuelekea upande wa matairi na papo hapo inataka kujigeuza ikae sawa, basi nakimbizana nayo kwa vidole mpaka kimo kinaisha. Kulia ni vilevile na kushoto vilevile, kwahiyo sidhani kama bawa limepinda.

Jumamosi kule Luchelele ilibaki kidogo sana iingie ziwani, nikaongeza moto ikanyanyuka, matairi yalishalowa tayari. Hii ndege nimeiunga mwenyewe miezi mitatu, naipenda mno.

Sasa kuna miksi ya kwenye rimoti, usukani wa mkia ukisogea eleveta (kile kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) inajirekebisha yenyewe kidogo, je nianze na asilimia ngapi? Au kwanza nisogeze betri nyuma maana naiona nzito puani? Narusha asubuhi tu, mchana upepo wa ziwani unaivuruga. Aliyepitia hili anielekeze jamani, hata kama ni kuniambia nirudi nyuma nianze upya nitashukuru.