Mafundi wa Lubumbashi, acheni kukata mikia ya faili za watu!

Bandugu, leo nina hasira, mtanisamehe.

Mama mmoja wa farmasi hapa Kamalondo kaniletea flashi yake. Ndani mna exe (faili ya programu ya Windows) ya kusakinisha programu ya stoku, kaitunza miaka mitatu. Ilikuwa MB 46. Sasa ina KB 180! Fundi mmoja wa mjini alimwambia, "Mama, virusi vimejificha nyuma ya faili," akakata, akachukua dola 10. Ukiibofya inajibu kwamba imeharibika. Kopi nyingine hakuna.

Yaya, nani alikufundisha kwamba kila kilicho nyuma ni virusi? Windows hupakia kwenye memori zile sehemu zilizotajwa kwenye kichwa cha exe tu, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili. Data iliyobandikwa baada ya sehemu ya mwisho, ndio mkia, haiigusi, ila programu yenyewe hurudi kuisoma kwenye faili yake. Exe za NSIS (kifaa cha kutengeneza visakinishi) ziko hivyo, za PyInstaller (kinachogeuza programu za Python kuwa exe) vilevile, na zile za 7-Zip (programu ya kubana faili) zinazojifungua. Mzigo wote uko kwenye mkia! Umemwaga unga, ukamrudishia mama gunia.

Na kuupima si uganga. Kila sehemu ina mahali inapoanzia ndani ya faili. Jumlisha na ukubwa wake wa kwenye diski (si ule wa kwenye memori, wengi wanateleza hapo). Shika jibu kubwa kuliko yote. Faili ikivuka hapo, ina mkia. Usishike kisu bado: sahihi ya kidijitali (uthibitisho wa nani katengeneza faili) nayo hukaa hukohuko mwisho, na anwani yake kwenye jedwali la kichwani mwa exe huhesabiwa ndani ya faili, si ndani ya memori kama zile nyingine. Niliwahi kumkuta mtu anapiga kelele "virusi!", kumbe ni sahihi ya mtengenezaji.

Halafu tazama baiti za kwanza za mkia. PK ni zip, 7z inajitaja, Rar! pia. Unakili mkia kwenye faili ya pembeni, uufungue na 7-Zip, exe yenyewe iache kama ilivyo. Virusi vya kujificha huko vipo, sikatai, lakini huyu hata hakuchungulia.

Wewe uliyekata, kama unasoma hapa na kile kipande bado kiko kwenye mashine yako, nitumie PM leo. Nitakiunganisha mwenyewe kwa copy /b (amri ya Windows ya kuunga faili), na zile dola 10 mtaongea na mama.